Mama Prudensia na Majambia Matatu ya Kimalei

Mama Prudensia Ndyamukama anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kulitumikia Jumba la Kumbukumbu la Kirurumo, hapa Omurushaka, kwa miaka thelathini na miwili. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wa kuchangamsha. Nitajitahidi, lakini hasira ninayo na sitaificha.

Aliajiriwa mwaka 1993 kama mtunza vifaa. Alikuta mikuki, ngoma, vibuyu vya maziwa na sanduku la bati lenye majambia matatu ya Kimalei, zawadi ya daktari mmoja mmisionari aliyewahi kufanya kazi huko Malaya, Malaysia ya leo. Hakuna aliyejua habari zake. Mama Prudensia aliandika barua nchi za nje, akasubiri majibu miezi mingi, akajifunza. Jambia la namna hiyo huitwa keris. Mipini yake huchongwa kwa ustadi: mmoja wa kwetu ulikuwa ndege mwenye mdomo mrefu, mwingine mtu aliyejikunyata, amejikumbatia kama mwenye homa. Wageni kutoka Kaisho wakiuona huo wa pili walisema, "Huyu ana malaria, mpelekeni zahanati." Naye alicheka nao kila mara, kana kwamba ndiyo kwanza ausikie utani huo.

Majambia mawili yalikuwa na maandishi ya Kiarabu kwenye bapa. Alimwomba sheikh wa msikiti wa jirani ayasome. Ni maneno ya kumwomba Mungu amlinde mwenye jambia na amrudishe nyumbani kwake salama. Yeye, Mkatoliki asiyelala bila rozari, akayanakili yote kwa kuweka karatasi juu ya chuma na kupitisha penseli, kisha akazibandika karatasi hizo kwenye daftari.

Mwaka 2017 wasichana wanane wa sekondari walianguka ndani ya jumba letu, mbele ya kabati la majambia. Walipiga kelele, wakapoteza fahamu. Kesho yake wazazi walijaa getini wakidai visu vya kichawi viondolewe. Mwenyekiti wa bodi wakati huo, Bwana Yustus, aliamuru maandishi yafutwe na mipini ichomwe moto.

Mama Prudensia alisimama mbele ya kabati. "Mzee, haya ni maombi," alimwambia. "Anayeomba alindwe anamroga nani?"

"Wewe unajuaje Kiarabu?"

"Niliuliza. Na rozari yangu hii, nayo utaifuta?"

Bwana Yustus alisubiri. Wiki iliyofuata Mama Prudensia alikwenda Nyakatuntu kumzika dada yake, na siku hiyohiyo fundi akaletwa na grenda. Maandishi yote mawili yalisagwa hadi chuma kikabaki kitupu. Mpini wa ndege ulichomwa nyuma ya choo. Mimi, Elick Rwezaura, mtumishi wa jumba hili ninayeandika haya, ndiye niliyemshikia fundi majambia yasicheze. Nilikuwa nimeambiwa nishike, nikashika.

Aliporudi kutoka msibani alipitisha kidole juu ya chuma, akaniuliza, "Ulikuwepo?" Nikasema nilikuwepo. Hakuniuliza tena.

Aliandika barua ya malalamiko. Jibu lilikuwa kunyang'anywa funguo na kupewa fagio. Mtu aliyewafundisha wote waliokuwa wakimwamuru alifagia uwanja miaka saba. Mtaani aliitwa mchawi. Kwenye jumuiya yake ya kanisani, wanawake aliowauguzia watoto waliacha vikombe vya chai yake mezani bila kuvigusa. Alifika kazini saa moja kila asubuhi, na mgeni yeyote aliyemkuta uwanjani na kumuuliza kuhusu keris alielezwa yote, fagio likiwa mkononi.

Mwaka jana alikuja muuguzi kijana, Costansia Niyonsaba, mmoja wa wale wanane. Alimwamkia shikamoo, akapiga magoti pale uwanjani, kisha akaomba kuonana na bodi. "Hatukurogwa na kisu," aliwaambia. "Tulikuwa hatujala tangu jana yake, tumetembea juani, na mtihani ulikuwa unatutisha. Mmoja alianguka, wengine tukafuata. Tulisema hivyo siku ileile. Hakuna aliyetaka kusikia."

Bodi ilimrudishia funguo. Barua ya bodi ina mistari minne na nimeisoma mara nyingi. Hakuna neno samahani ndani yake.

Nami nilichelewa miaka saba. Nilimwomba radhi siku hiyo, nikilia. Alisema, "Elick, usinililie mimi. Andika ulichofanya." Ndiyo maana mnasoma haya kwenye kitabu cha sherehe.

Bodi ilitaka kibandiko cha kabati kiseme maandishi yaliliwa na kutu. Alikataa. Ijumaa iliyopita alibandika chake, kwa mwandiko wake wa mviringo: "Maandishi haya yalisagwa kwa grenda mwaka 2017 na watumishi wa jumba hili. Yalikuwa maombi. Nakala ipo kwenye daftari, ombeni muione."

Mama Prudensia, asante. Tunakuombea afya, shamba lenye migomba iliyoshiba, na chai inayonywewa na kila unayemkaribisha. Kibandiko tutakilinda. Atakayetaka kukibandua atanikuta mimi nimesimama mbele ya kabati.