Mtandio wa Afande

Benchi letu liko Nalufenya, hapa Jinja, mbele ya duka la vitambaa la Viral, na lina miguu mitatu. Wa nne ni tofali. Jumanne ile asubuhi tulikuwa wanne, Viral akiwemo, na thamosi moja ya kahawa ya tangawizi. Mimi nilikaa pembeni, upande wa tofali. Katikati alikaa binamu yangu Ridwan, tunayemwita Karatasi, na kitabu chake kwenye bahasha: hadithi ya Jinja ya miaka mia ijayo. Serikali imefunga mto kwa kufuli, imepiga marufuku harusi, na ukitaja jina la babu yako unakamatwa. Shujaa ni Afande, mlinzi wa kufuli, anayehifadhi kichwani kwa siri majina ya koo zote za mji. Mchapishaji mmoja wa Mbale amekubali kukitoa kwa sharti moja, na Otim, dereva wa basi la Mbale, angeondoka na bahasha saa nne. Sharti lilikuwa kwenye barua. Barua aliishika Bakhit, tunayemwita Koplo, aliyekaa jeshini miaka tisa, yote jikoni.

KOPLO: "Mwanamke pekee humu ni Madina. Analeta chakula, analia, anakufa ukurasa wa themanini. Tunaomba mwanamke anayefanya jambo." Karatasi, wamekupata.

RIDWAN: Hizo hadithi za zamani za kesho mbaya nimezisoma tangu sekondari. Zote ziko hivyo.

VIRAL: Hivyo vipi, bwana?

RIDWAN: Mwanaume amelala, hajui kama serikali inamdanganya. Anatokea msichana, anacheka kidogo, anamuuliza swali. Mwanaume anaamka. Msichana anapotea.

VIRAL: Kumbe ni kiberiti. Unawasha, unaona njia, unatupa kijiti.

RIDWAN: Na kama si msichana wa kuamsha, ni mke wa kumripoti mumewe serikalini.

KOPLO: Sababu naijua mimi. Ni chakula.

VIRAL: Kwako kila kitu ni chakula.

KOPLO: Nisikilize. Nimepikia watu mia nane. Siku moja posho, ugali wetu, ilichelewa kuiva kwa saa mbili, nikaona makapteni wanaongea na mimi kwa heshima. Sasa mwandishi akimwacha mwanamke jikoni mpaka ukurasa wa mia, serikali imeanguka na kitabu kimeisha. Ndiyo maana wanamuua mapema.

VIRAL: Basi Madina apewe bunduki.

KOPLO: Apewe mwiko. Wa kwetu ulikuwa mrefu kuliko bunduki.

VIRAL: Au awe na pacha. Mmoja afe, mmoja abaki.

KOPLO: Wawe watatu. Wa tatu awe rais.

RIDWAN: Nyinyi mnacheka. Nimeandika miaka sita. Nikimgusa Madina, kurasa mia zinaanguka, na sasa ni saa tatu na nusu. Hawa wakikataa, sina pengine pa kupeleka.

Koplo akammiminia kahawa bila kuulizwa, jambo ambalo huwa halifanyi.

Hapo ndipo alipofika Swabrah, mwenye duka la kuchapa kule Mafubira. Ndiye aliyekichapa kitabu chote kwenye kompyuta, na sasa alishika mchoro wa jalada.

SWABRAH: Asalaam aleikum. Kaka Ridwan, jalada limebaki kitu kimoja tu. Hapa Afande anapofungua kufuli, mtandio nimfunge nyuma au nimpitishie begani?

KOPLO: Mtandio? Binti yangu, huyo ni mwanaume.

SWABRAH: Imeandikwa wapi?

KOPLO: Afande ni afande.

SWABRAH: Dada yangu Zulaika ni afande huko Mbale, mzee. Na jana alipokuja nyumbani alinisuka.

Ridwan akafungua bahasha. Tuligawana kurasa, kila mtu na fungu lake.

VIRAL: Hii hapa. "Akavaa buti."

SWABRAH: Zulaika anazo jozi mbili.

KOPLO: "Akapaza sauti, askari kumi wakaruka."

SWABRAH: Mama yangu humjui, mzee.

VIRAL: Tafuteni "alioa". Akioa ni mwanaume, akiolewa ni mwanamke. Hapo ubishi unaisha.

RIDWAN: Hakuoa.

VIRAL: Hakuoa kabisa?

RIDWAN: Harusi nilizipiga marufuku. Ukurasa wa tatu.

Kurasa mia mbili na kumi, na hakuna mstari hata mmoja uliotusaidia.

RIDWAN: Lakini mimi kichwani nilimwona mwanaume.

SWABRAH: Mimi nilimwona bibi yako. Ukurasa wa tano anahesabu ukoo kwa vidole, anaanzia kidole cha mwisho, na akikosea jina moja anarudi mwanzo. Mama anasema hivyo ndivyo alivyokuwa akihesabu kila Idi, mpaka kwa babu yenu wa kwanza, askari aliyetoka Sudan.

Ridwan akaangalia kidole chake kidogo. Kisha akaomba kalamu ya Viral, akafungua ukurasa wa kwanza, na mbele ya neno Afande akaandika jina la bibi yetu: Hasifa binti Tamim. Hakugusa kitu kingine.

KOPLO: Kwa hiyo aliyefungua mto ni bibi?

RIDWAN: Ni bibi.

KOPLO: Basi wa Mbale wasome tena.

Otim akapiga honi kutoka barabarani. Swabrah aliweka mchoro juu ya goti, penseli tayari.

SWABRAH: Haya, upesi. Bibi alikuwa anapenda mtandio wa rangi gani?

Ridwan akamtazama Koplo, aliyekula kwa bibi kila Ijumaa miaka kumi na moja. Koplo akamtazama Viral, ambaye baba yake ndiye aliyemuuzia bibi vitambaa vyote. Viral akageukia rafu ya mitandio dukani, kama vile mmojawapo ungenyoosha mkono. Mwishowe wote watatu wakanigeukia mimi, kwa sababu daftari la ukoo liko kwangu. Humo nina mwaka aliozaliwa bibi, saa aliyozikwa, na majina ya wote waliobeba jeneza. Rangi ya mtandio haimo.

Otim akapiga honi mara ya pili.