Mama Pembe Aachia Ncha ya Shuka

Mama Pembe, mkunjaji mkuu wa chumba chetu cha kufulia, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30, baada ya kuitumikia hospitali kwa miaka thelathini na mmoja.

Alianzia kwenye mashine ya kukamua maji. Mwaka wa tatu akahamia meza ya kukunjia, na hapo ndipo alipopata jina lake. Shuka ambayo pembe zake hazikukutana sawasawa aliirudisha, hata kama imekunjwa na mkubwa wake. Upande wa pili wa meza alisimama mwenzake, mwanamke mfupi mwenye maneno mengi. Wenyewe waliitana mke mwenza, kwa madai kwamba wamegawana shuka moja miaka ishirini na miwili bila kugombana.

Aliwahi kukunja koti la daktari na simu ikiwa mfukoni. Simu iliita rafuni siku mbili. Kosa hilo hajalikiri mpaka leo.

Miaka tisa iliyopita alikuja msimamizi mpya na wazo lake: kila mtu na meza yake, kila mtu na idadi yake. Aliamini kwamba wawili wakisimama pamoja, mmoja hutegea. Asiyefikisha shuka ishirini kwa saa angepunguzwa kazini. Mke mwenza ana bega bovu, na peke yake hakuweza kuinua shuka juu ya kichwa. Alifikisha kumi na nne. Jina lake likawa la kwanza kwenye orodha.

Mama Pembe hakulia wala hakugomba. Alimwomba msimamizi aje na saa yake asimame mezani. Peke yake, Mama Pembe alikunja ishirini na sita. Alipomwita mke mwenza, wakavuta, wakakung'uta, wakakutanisha pembe, wakafika sitini na sita, na lile bega halikupanda zaidi ya kifua. Kisha, bila kuombwa, akataka wapimwe kwenye foronya. Huko wawili hao waligongana viwiko, wakapiga soga, wakashindwa na mtu mmoja aliyekunja peke yake.

Kanuni yake bado imebandikwa ukutani: kilicho kirefu kuliko mikono yako, tafuta mwenzako, kinachotosha kifuani, usimsumbue mtu. Ni kweli kidole kimoja hakivunji chawa, lakini Mama Pembe alipenda kukumbusha kwamba si kila kitu ni chawa. Orodha ilichanwa siku hiyohiyo, na mke mwenza yupo nasi hadi leo. Amebakiza miaka minne astaafu.

Barua ya Mama Pembe ya kuaga haikutaja zawadi. Iliomba jambo moja tu: upande wake wa meza usibaki wazi, kwa sababu lile bega halijapona. Mkunjaji mpya bado hajaajiriwa. Kwa hiyo tangu Jumatatu ncha yake ya shuka inashikwa na msimamizi aliyewatenganisha, ambaye ndiye mwandishi wa wasifu huu. Mimi na mke mwenza tumefikisha thelathini na nane kwa saa. Mama Pembe, anayetukagua wiki hii ya mwisho, alirudisha kumi na moja.

Mama Pembe, ile orodha ilikuwa kosa langu, na sikuwahi kukuomba radhi. Naomba sasa.

Ahsante, Mama Pembe, kwa niaba yetu sote. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha na maisha mema nyumbani. Usiwe na wasiwasi: upande wako wa meza una mtu.