Usicheke, Pono

PONO: Haloo? Nani mwenzangu?

DADA: Mimi, dada yako. Uko wapi?

PONO: Aa, dada! Shika—

DADA: Salamu baadaye! Uko juu au chini?

PONO: Ghorofa ya nne, kwenye jukwaa, napaka rangi ukuta wa nje. Mbona unahema?

DADA: Majibu yako yametoka. Daktari kanieleza sasa hivi. Mkanda wa usalama umefunga?

PONO: Unanibana, nimeuning'iniza hapo kwenye— (mkwaruzo)

DADA: Mungu wangu! Kaa chini. Kaa!

PONO: Nimekaa. Dada, nakufa?

DADA: Hufi. Kuna chembe hai ndani ya ubongo, kazi yake kutoa kemikali ya kukuweka macho. Zako zimekufa, karibu zote. Ndiyo maana unasinzia na kijiko mdomoni.

PONO: Kumbe! Na nyie mkaniita Pono, samaki wa usingizi.

DADA: Mimi ndiye niliyekuita.

PONO: Na magoti kuisha nguvu?

DADA: Ni hilo hilo. Ukicheka sana, ubongo unauachia mwili kama umelala, na wewe uko macho. Uko na nani huko?

PONO: Fundi mwenzangu, Kinyonga. Yuko ndani anakoroga rangi. Yaani... ugonjwa wangu kicheko? Hihi—

DADA: Usicheke!

PONO: Mwanamume mzima aanguke kwa— hihihi—

DADA: Nakuomba! Kumbuka mazishi ya baba!

PONO: Ulipoteleza... ukakaa kwenye tope... kiatu kikaruka—

DADA: Siyo hilo, jamani!

PONO: Da... mkono... (kishindo)

DADA: Pono? Pono! Mdogo wangu! Kinyonga! Weee Kinyonga!

(hatua za mtu anayekimbia)

KINYONGA: Haloo? Kinyonga hapa. Dada, huyu kalegea, miguu iko nje ya jukwaa!

DADA: Mvute! Mvute ndani!

KINYONGA: Nimemshika ovaroli... twende... haya. Yuko ndani. Nimemkalia kabisa. Kalala?

DADA: Hajalala, anasikia kila neno. Mfunge mkanda.

KINYONGA: Namfunga. Anatoa machozi, dada. Ngoja nimchangamshe, nina kichekesho—

DADA: Thubutu! Hata neno moja!

KINYONGA: Basi, basi. Yamekwisha.

DADA: Mwekee simu sikioni. Pono, salio linaisha. Nguvu zitarudi sasa hivi, usiogope. Mimi naogopa kwa niaba yako. Miaka yote nimekuita mvivu mbele za watu, kumbe ulikuwa unaumwa. Nisamehe. Unanisikia? Pono?

PONO: Shi... shika... moo.

DADA: Marahaba, mdogo wangu. Marahab—

(simu imekatika)