Baruti ni Baruti

Habari ya mtu mmoja wa Buseresere, kwamba gobori lilimpasukia na kuchukua vidole, ilimganda Mama Nkwabi kama kupe tangu basi liondoke Shinyanga. Mapajani alipakata kopo la baruti, zawadi ya shemeji yake wa mgodini kwa mwanawe Nkwabi, mpenda kuwinda kanga.

Nyuma yake wanaume wawili walikuwa wakibishana.

“Baruti dukani hakuna, na ikiwapo bei haishikiki. Lakini jirani yangu Herman kila Jumapili anapita mlangoni kwangu na kanga wanne. Kwa nini yeye?”

“Wivu huo, Mabula. Kanga wa mwenzio utamla kwa macho.”

“Sasa na mimi ninayo. Ya kupasulia miamba.”

“Itapasua gobori kwanza, halafu wewe.”

“Baruti ni baruti, bwana.”

Mama Nkwabi akaliinamia kopo. Ndivyo alivyosema shemeji alipomkabidhi.

Basi likasimama, wale wawili bado wanabishana. Akashuka polepole, asilitikise kopo.

Wazazi wenzangu, jiepusheni na haya: baruti ya mgodini, kopo msilojua lina baruti gani, na kuhesabu kanga wa jirani.