Moyo wa Shemeji

Bwana mnene aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa akimwambia nesi aliyekaa naye kwamba ameacha dawa za presha. "Daktari mwenyewe kaniachisha. Siku hizi hakugusi, dada. Hospitali wanakupa saa ya mkononi, inamtumia mapigo ya moyo na hatua zako, yeye anasoma kwenye kompyuta, basi."

Nesi akautazama mkono wake, mtupu. "Na hiyo saa iko wapi?"

"Kavaa shemeji. Anasukuma mkokoteni wa maji kutwa nzima. Mimi na mazoezi wapi na wapi?"

"Kwa hiyo aliyepona ni shemeji."

"Usiniletee uchuro! Daktari kasema nina moyo wa kijana."

Ni kweli anao, nikawaza, ila uko sokoni unauza maji.

"Na ukianguka, baba, atalazwa nani?"

Basi likasimama. Bwana akashuka ngazi mbili, akashikilia nguzo ya kituo, akihema kana kwamba yeye ndiye aliyelibeba basi. Simu yake ikalia, ujumbe kutoka kwenye ile saa. Akausoma, akatabasamu, akamwonyesha nesi dirishani: "Hongera! Leo umevunja rekodi yako ya hatua."