Kinasa cha Pili

Kijiwe chao kilikuwa benchi moja mbele ya karakana ya Randa, fundi seremala. Alilitengeneza mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kusema kwamba linayumba. Alasiri hiyo kikao kilikuwa kizito. Juu ya meza ya kazi, katikati ya vikombe vya kahawa, lililazwa gitaa la besi la Dunda, lile lenye tumbo tupu ndani na shingo laini, isiyo na vile vyuma vyembamba vya kumwonyesha mpigaji mahali pa kubonyeza. Aliachiwa na marehemu mjomba wake, na kitu kingine cha mjomba hakuwa nacho. Kinasa sauti kimoja, kile kidude cha kupeleka mlio wa nyuzi kwenye spika, kilikuwa tayari chini ya nyuzi. Cha pili, kipya, kilikuwa pembeni kwenye kitambaa, na Randa alikuwa ameshachora kwa penseli mahali pa kukitobolea. Keekee nayo ilikuwa karibu. Tundu likishatobolewa limetobolewa.

Kiongozi wa bendi alikuwa amemwambia bila kuzunguka: Jumamosi ukumbini besi isiposikika, nafasi yake inakwenda kwa kinanda. Miaka kumi na moja amesimama nyuma ya waimbaji, halafu kinanda.

— Hebu tuelewe kwanza, alisema Waya, fundi redio, ambaye hufungua hata redio zisizoumwa. Husikiki wimbo mzima?

— Katikati. Mwanzo nasikika, mwisho nasikika. Katikati ndiyo napotea.

— Kila wimbo?

— Ule mrefu. Na nyingine mbili.

Dunda aliinamia kikombe chake. Kulikuwa na jambo hapo ambalo hakulisema, na aliona aibu hata kulifikiria mbele za watu.

Waya akasema jibu liko wazi. Kinasa kimechoka. Kinaanza kazi kikiwa na nguvu zake, kikifika katikati kinachemka, kinajipumzisha, mwishoni kinarudi. Vikiwa viwili vitapokezana zamu kama walinzi wa ghala.

— Ila kila kimoja lazima kiwe na kitufe chake cha sauti, alisema. Vikichangia kimoja vitagombana.

Akatoa mfukoni kitufe cha ziada, akakiweka mezani kando ya kinasa.

— Walinzi gani, wewe nawe, alisema Randa. Shida ni tumbo. Sauti ikiingia humo inatangatanga, haioni pa kutokea. Nikitoboa hapa inapata mlango wa pili.

— Lakini huo mlango si utazibwa na kinasa? aliuliza Dunda.

— Wewe piga gitaa, mbao niachie mimi.

Hapo ndipo Shahidi alipokohoa. Alikuwa tarishi wa mahakama kabla ya kustaafu, na hakuna tukio ambalo hakulishuhudia, yakiwemo ya kabla hajazaliwa. Akawaambia wote wawili wanamtibu mgonjwa siye. Katikati ya wimbo ndipo watu wanapoinuka kucheza, na mtu anayecheza anakula sauti. Nyembamba zinapita juu ya vichwa, lakini sauti nzito inaingia mwilini na haitoki. Kuna ukumbi mmoja walijaa watu wanene, wakacheza mpaka besi ikaisha kabisa. Mpigaji alirudi nyumbani na nyuzi kavu.

— Ulikuwepo? aliuliza Waya.

— Mlangoni kabisa.

— Na kinasa cha pili kitasaidia nini?

— Kiwekwe mgongoni mwa gitaa. Kielekee ukutani, kule hakuna anayecheza.

Randa akaligeuza gitaa, akapima mgongoni pia. Waya naye akaona kama tunatoboa, basi tutoboe mara moja: tundu la tatu liende shingoni, maana shingo yenyewe haina breki na sauti inateleza. Dunda alitamani mtu mmoja tu amwambie Randa asitoboe, lakini gitaa alilileta mwenyewe, kwa miguu yake, akiwa na akili zake.

Akatokea dada anayefagia ule ukumbi wa bendi, kufuata mpini wa fagio aliomwagiza Randa. Akawaamkia, akauliza kulikoni na gitaa la watu. Shahidi alimweleza yote, kuanzia walinzi wa ghala hadi watu wanene, na hakuruka kitu. Dada alisikiliza mpaka mwisho.

— Samahani, kaka Dunda. Mimi muziki siujui. Huwa nafagia pale ubavuni mwenu mkifanya mazoezi. Ule wimbo mrefu ukifika katikati, mkono wako unapopanda juu ya shingo, huwa unakizungusha kwanza kile kitufe kidogo. Ni cha nini?

Waya alikijua vizuri kile kitufe. Akachungulia kikombe chake.

Uso ulimwaka Dunda. Angeweza kusema huwa anakifuta vumbi, na benchi lile lingemsaidia kuamini. Lakini macho yake yaliangukia ule mchoro wa penseli kwenye mbao ya mjomba.

— Cha sauti, dada. Naipunguza. Kule juu hakuna alama yoyote. Ukikosea upana wa ukucha tu, ukumbi mzima unajua.

Dada aliitikia kwa kichwa taratibu. Akakitazama kinasa kipya, akakitazama na kitufe alichokitoa Waya.

— Sasa vikiwa viwili, kaka, utawahi kuvizima vyote?

Shahidi alilikamata birika kumimina kahawa, halikutoa hata tone. Randa alilowesha kidole gumba kwa ulimi, akaanza kuifuta ile penseli polepole.

Dunda alilipakata gitaa. Kwa lile tumbo tupu halikuhitaji waya wala spika kusikika pale kijiweni. Akapanda juu ya shingo, akapiga ile sehemu ya katikati. Noti ya kwanza ilitoka pembeni kidogo ya mahali pake, na wote waliisikia. Akasogeza kidole mbele kidogo, akasita.

— Rudia, alisema Randa.