Msomaji wa Pili wa Vioo

Wazazi, ndugu, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, nimesimama mimi, wifi yake, kuwasomea maisha yake, kwa kuwa ndivyo alivyotaka mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1968 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa pili wa fundi seremala na mshona nguo, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya barabara, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1990 akahitimu stashahada ya maabara, akiwa wa kwanza katika ukoo wao kuvaa koti jeupe lisilo la kuuzia nyama.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika maabara binafsi, enzi ambazo meza zilijaa watu, na kila kioo, kile kipande chembamba kilichopakwa seli za mlango wa kizazi, kilisomwa kwa hadubini na mtu mmoja, kisha kikapitiwa na wa pili, maana macho huchoka. Mwaka 1994 aliolewa na kaka yangu, fundi umeme, wakajaliwa mabinti wawili, na mwaka 1999 akaniingiza kazini, nikawa msomaji wa pili wa vioo vyake, tukibishana juu ya seli mchana na kula sahani moja jioni.

Miaka ilivyokwenda mashine zilikuja, bei za vipimo zikashuka, mishahara ikapanda, hadi mwenye maabara akasema sisi watu ndio tunaoila maabara yake. Aliyestaafu pengo lake halikuzibwa, aliyetoka likizo ya uzazi alikuta kiti kimeondolewa, na mwaka 2017 marehemu akapewa usimamizi kwa sharti la kupunguza gharama, akaanza na mimi.

"Wifi, nikimtoa mtu baki nikakuacha wewe, watasema nini?"

"Waseme watakalo. Vioo atavipitia nani?"

"Kilichosomwa kimesomwa," akasema, akanifungulia mlango.

Alisifiwa mbele ya wote, akapandishwa cheo, nami nikaenda kuuza nguo za mitumba.

Februari 2021 alipimwa yeye mwenyewe, palepale maabara, kioo chake kikasomwa na kibarua mmoja aliyezidiwa na lundo, akaandika kuwa ni salama. Agosti 2022, damu ikiwa haikatiki, hospitali ya rufaa ilikuta saratani ya mlango wa kizazi imeshafika kwenye kibofu. Daktari akakiagiza kile kioo cha zamani, akanipa nami nikitazame, kwa kuwa alijua kazi yangu ya zamani, na seli mbaya zilikuwemo, zimejaa tele.

Nilimuuguza, nikamwosha, nikamlisha, wifi ni wifi. Siku moja, mabinti zake wakiwa wamekaa kitandani, akaniuliza, "Ungekuwepo, ungeziona?"

Nikamjibu, "Ningeziona."

Akageukia ukutani. Kaka yangu hajanisemesha tangu siku hiyo. Marehemu alifariki asubuhi ya tarehe 3 Machi 2023.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani mliofua mashuka yake bila kuziba pua, na wafanyakazi wenzake, mliomtuma mmoja wenu kwa kuwa hakuna wa kushika zamu. Mwenye maabara, shada lako la maua tumeliona. Mabinti zake wanaomba urudi nalo.

Wifi, maumivu yameisha, pumzika.